Milimita Nne

Mshale ulizama katikati ya duara la njano, mita 100 kutoka niliposimama, na mwenzangu aliyekuwa akichungulia kwa darubini ya mkono akajipiga kofi la paja. "Umo!" akasema. "Umo ndani kabisa!"

Nikaishusha krosibo, ule upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, nikatoa daftari. Ndiyo desturi yangu kila baada ya mshale: umbali, namba ya gurudumu, mahali mshale ulipoingia. Nikainamia gurudumu la kiti cha darubini, kile kishikio kinachoibeba darubini juu ya krosibo na kuiinamisha kulingana na umbali, nisome namba.

Lilisema 95.

Nikasoma tena, safari hii nimevua miwani. Bado 95. Ubao ulikuwa kwenye mita 100, nilikuwa nimeupima mwenyewe asubuhi ile kwa kipimo cha leza, na gurudumu langu limechorwa kwa mita. Kwa hesabu yoyote ninayoijua, mshale uliopigwa kwa alama ya 95 ulipaswa kuingia karibu sentimita 30 chini ya kitovu, kule kwenye rangi ya buluu. Mwenzangu alikuwa bado anacheka kwa furaha. Mimi sikusema kitu.

Nikafyatua wa pili bila kugusa gurudumu. Ukaingia kwenye buluu, wima chini ya wa kwanza.

"Umetetemeka," mwenzangu akasema.

Nikakubali kwamba nimetetemeka.

Majuma sita yamepita tangu siku hiyo, na kilichonikosesha raha muda wote huo si ule mshale wa buluu. Ni wepesi niliokubali nao.

Kiti kinachoinama

Wengi wetu tulianza na darubini iliyokazwa juu ya reli kwa skrubu nne, ukaweka sifuri kwenye mita 20, yaani ukaipanga ili mshale uingie pale unapolenga kwa umbali huo, ukaishi kwa amani. Tatizo huanza siku ubao unaposogezwa. Krosibo yangu hutoa mshale kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde, ambayo siku hizi si kasi ya kujivunia. Kwenye mita 20 mshale unakuwa umeanguka sentimita 20. Kwenye 40, kama sentimita 80. Kwenye 60, karibu mita mbili kasoro kidogo. Ukifika mita 100 umekaa hewani zaidi ya sekunde nzima na umeshuka mita tano na ushei, kimo cha twiga.

Sasa ulenge wapi? Mita tano juu ya ubao hakuna kitu cha kulenga ila mawingu.

Unaweza kuzungusha virekebishi vya darubini yenyewe, na mimi nilivizungusha mpaka vikagoma. Darubini yangu ina mwendo wa mili 20 kwa jumla, wa juu na chini. Ukianzia katikati, unabaki na kumi. (Mili ni kipimo cha pembe: moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, nyinyi mnaotumia dakika za pembe mnivumilie.) Kutoka sifuri ya mita 20 hadi mita 100 nilihitaji kama 41. Isitoshe, ukikisukuma kioo cha ndani hadi ukingoni juu au chini, nafasi ya kukisogeza kushoto na kulia inapungua, kwa sababu bomba ni la mviringo, na picha nayo haiwi safi kama ya katikati.

Kiti kinachorekebishika kinaacha darubini ilivyo, vioo vyake vikiwa katikati, na kuiinamisha yote nzima. Changu kina bawaba mbele na skrubu nyuma, umbali wa sentimita 10 kati yake. Ukiinua nyuma, darubini inatazama chini. Na wewe ili uone kitovu inabidi unyanyue krosibo, hivyo mshale unaondoka ukielekea juu. Ndiyo yote. Hakuna uchawi.

Ila kaa na hiyo hesabu kidogo, kama nilivyokaa nayo mimi usiku mmoja na kalipa, kifaa cha kupimia unene, mkononi. Kwenye kiti cha sentimita 10, mili moja ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Mili 41 basi ni milimita 4.1. Safari yote kutoka mita 20 hadi 100, zile mita tano za anguko, ule muda wote nilioutumia kusoma na kupima, ni skrubu kupanda milimita nne.

Milimita nne.

Unene wa bamba la kioo cha dirisha. Na kama milimita nne ndizo mita 80 za umbali, basi unywele, ambao hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, ni kitu cha kuheshimiwa. Nililijua hilo kwa hesabu. Kulijua kwa mwili kulichukua muda.

Kosa nililolifanya kwa kalamu

Siku ile ya njano ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga mita 100. Alama zangu za gurudumu hadi mita 80 nilikuwa nimezipata kwa kupiga: kila mita kumi, mishale sita, wastani, alama. Kuanzia 80 kwenda juu nilizichora kwa hesabu. Hivyo nilipoona 95 imeingia kitovuni kwenye 100, nilikuwa na maelezo mawili mkononi. La kwanza, kuna kitu kimekosewa kwenye mshale huo. La pili, hesabu yangu ya zaidi ya mita 80 imezidisha.

Nilichagua la pili. Bila kusita, kusema kweli. Mshale umeingia njano, mtu amejipiga kofi la paja, nani wa kuukatalia?

Jioni ile nikabandua utepe wa alama kwenye gurudumu nikachora mwingine. Nilibana alama zote za baada ya 80 ili pale palipokuwa 95 pasomeke 100. Nilifanya kazi safi, kwa kalamu ya ncha nyembamba na rula ya chuma. Nadhani sijawahi kuchora utepe mzuri kama ule, na ulikuwa wa uongo kuanzia 80 hadi mwisho.

Ule wa buluu sikuuweka kwenye hesabu. Nilikuwa nimetetemeka, si ndiyo?

Majuma mawili ya kutafuta mchawi

Kilichofuata ni fujo. Nikianzia mita 20 na kupanda kwenda 100, mishale inaingia chini, yote, kama iliyoagizwa. Nikiwa nimetoka kucheza na gurudumu huko juu kisha nikashuka, wa kwanza unaingia pazuri na wa pili unaanguka. Ningekuwa na akili iliyotulia ningeona mpangilio huo siku ya kwanza. Lakini mtu aliyeshachora utepe hatafuti kosa kwenye utepe.

Nilianza na mishale. Niliipima yote kwenye mizani ndogo. Kwenye dazeni niliyoamini ni sawa kwa sawa, mmoja ulizidi wenzake kwa robo ya gramu. Hiyo ni kama asilimia moja ya mshale wa gramu 26, na kwenye mita 100 ni sentimita nne au tano za juu na chini, kwa kuwa mshale mzito hutoka polepole zaidi. Nikautenga, nikajiona mtaalamu. Fujo ikaendelea.

Nikaja kwenye shavu. Hili halisemwi vya kutosha na watu wanaosifia viti hivi: ukiinua nyuma ya darubini, jicho lako nalo linapaswa kupanda, na shavu linaachia kitako cha krosibo. Milimita chache tu, lakini kichwa kinabaki kinaelea, na jicho halirudi mahali pamoja mara mbili. Nilifunga kipande cha sponji juu ya kitako kwa utepe wa gundi. Kina sura mbaya sana. Kilisaidia zaidi ya vitu viwili vitatu nilivyowahi kununua vikiwa na sura nzuri.

Halafu nikaja kwenye kuegemea, na hapa niliwahi kuamini kwamba nimempata mchawi mwenyewe.

Mishale yangu ya mbali ilikuwa na tabia ya kwenda kulia. Kwenye mita 20, hakuna kitu. Kwenye 60, kidogo. Kwenye 100, upana wa kiganja. Nilikuwa nimeupa upepo lawama hizo muda mrefu, na upepo haujitetei. Lakini fikiria: krosibo ikiinama kulia kwa nyuzi 2 tu, pembe ambayo jicho la kawaida haliioni, ule mwinuko wote uliouweka kushinda anguko unainama nao. Kwenye mita 20 anguko ni sentimita 20, kwa hiyo kosa la pembeni ni kama milimita saba, limejificha ndani ya upana wa mshale. Kwenye mita 100 anguko ni zaidi ya mita tano, na nyuzi zilezile 2 zinakuwa sentimita 19 kulia.

Mikono ileile, kosa lilelile, ila kwenye umbali mfupi halikuonekana.

Nikanunua pimamaji ndogo ya kubana kwenye bomba la darubini. Kisha nikafanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa yeyote: simamisha ubao mrefu kwenye mita 20, ning'iniza timazi mbele yake, chora mstari wima unaofuata uzi wake. Lenga alama moja chini ya mstari, na kila mshale zungusha gurudumu kupanda. Mishale inapaswa kupanda ule mstari kama ngazi. Kwa kiti changu, kutoka alama ya 20 hadi ya 100 ngazi hiyo ina urefu wa sentimita 82, kwa hiyo hakikisha ubao na ukuta wa nyuma vinafika juu vya kutosha kabla hujaanza kujitafutia kesi. Faida nyingine ni kwamba hupigi mahali pamoja, na huvunji mishale kwa mishale.

Ngazi yangu iliinama kulia. Kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye reli kikiwa kimelala kidogo sana. Nikakifungua, nikafuta vumbi lililokaa chini yake, nikakifunga kwa kufuata pimamaji. Ngazi ikanyooka.

Nilirudi kwenye mita 100 nikitembea kama mtu aliyelipwa deni.

Kulia pameisha, kweli. Lakini juu na chini? Vilevile.

Jiliwa

Hapo ndipo nilipolifungua daftari tangu mwanzo, si kutafuta jibu, bali kwa sababu nilikuwa nimechoka kupiga. Nikasoma kurasa za siku ile ya njano. Na pembeni ya ukurasa, kwa mwandiko wa haraka, nilikuwa nimeandika kitu nilichokisahau: *gurudumu linafika 110.*

Nikakumbuka. Kabla ya mshale wa kwanza nilitaka kuona mwisho wa gurudumu uko wapi. Nilikuwa nimelizungusha mpaka 110, kisha nikalirudisha chini kuelekea 100 huku nikizungumza na mwenzangu, na kwa kuzungumza nikapitiliza hadi 95. Kumbe kusimama kwenye 95 kulikuwa uzembe tu. Lakini lile neno lingine, *kulirudisha chini*, nililisoma mara tatu.

Mazoezi yangu yote ya kutengeneza alama nilikuwa nikipanda: 20, 30, 40, mpaka 80. Sikuwahi kushuka.

Nikaifunga krosibo kwenye jiliwa, nimezungushia kitambaa taya zake, ugwe haujavutwa, mshale haupo. Mita 20 mbele nikabandika karatasi yenye mistari ya kulala kila baada ya sentimita mbili, ambazo kwa umbali huo ni mili moja kwa kila mstari. Nikazungusha kutoka chini hadi 95 ya utepe wa zamani (nilikuwa nimeuhifadhi, sijui kwa nini; pengine sehemu fulani ya akili ilijua). Nikachungulia, nikaandika mstari ambao msalaba wa kulengea ndani ya darubini umekaa. Kisha nikapanda hadi 110, nikashuka taratibu hadi 95 ileile. Nikachungulia.

Msalaba ulikuwa mistari mitatu chini.

Namba ileile. Alama ileile, imekaa sawasawa chini ya kidole. Na darubini inatazama mahali pengine.

Mili tatu. Kwenye kiti cha sentimita 10 hizo ni sehemu tatu za kumi za milimita, na kwenye ubao wa mita 100 ni sentimita 30. Skrubu ilikuwa inacheza ndani ya nyuzi zake. Nilipokuwa nikipanda, skrubu iliubeba mguu wa nyuma wa kiti, kila kitu kimebanana, namba inasema kweli. Nilipokuwa nikishuka, skrubu ilirudi lakini mguu haukuifuata: bawaba ya mbele ilikuwa ngumu kiasi cha kuushika juu, ukining'inia hewani na nafasi nyembamba chini yake, nyembamba kama karatasi tatu.

Nikakigonga kiti kwa ukucha, mara moja.

Nikachungulia tena. Msalaba umepanda mistari mitatu, umerudi mahali pake.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Huo ukucha ndio uliokuwa mshale wa kwanza. Siku ile, mguu wa kiti ulikuwa umening'inia mili tatu juu ya namba, nami kwa uzembe nilikuwa nimesimama mita tano chini ya namba iliyotakiwa, na makosa hayo mawili yalikuwa na ukubwa mmoja na yalielekea pande tofauti. Yakafutana. Mshale ukaingia kitovuni. Kishindo cha kuachia ugwe kikautikisa mguu, ukaangukia mahali pake, na mshale wa pili ukaenda pale hasa ambapo gurudumu lilisema utakwenda.

Yaani wa njano ndio uliokuwa mwongo. Wa buluu ulisema kweli, nikaambiwa nimetetemeka, nikaitikia.

Kesi isiyofunguliwa

Nimekuwa nikilifikiria hili hata nikiwa mbali na krosibo. Kila mshale uliokwenda kombo katika miaka yangu ya kulenga nimeuhoji. Nimeuliza upepo, ugwe, pumzi, kidole, chakula nilichokula, usingizi nilioukosa. Nina daftari tatu za maswali hayo. Mishale iliyoingia njano? Nimeiandika namba yake na kuipa tiki. Sikumbuki hata mmoja niliouliza: wewe umeingiaje humu?

Na bado sina hakika kwamba nitaweza. Ukianza kuishuku kila furaha, utabaki na nini uwanjani? Nimejaribu kwa wiki moja kuandika maelezo ya kila mshale uliofanikiwa, na niliona nimekuwa karani badala ya mpigaji. Nimepunguza: nauliza tu pale mshale mzuri unapopingana na namba. Huo mmoja tu ndio ninaouita kwenye kiti cha mashahidi.

Kuna pia swali ambalo wenzangu wa upinde wa kawaida hunirushia, nusu utani: kama unazungusha gurudumu na kulenga katikati, ustadi uko wapi? Zamani ningejibu kwa hasira. Sasa najibu kwamba anguko halikuondoka popote. Limehamia kwenye chuma cha milimita nne, na mtu anayelilinda huko anahitaji utulivu uleule, ila wa mikono mingine. Sijui kama jibu hili linawaridhisha. Wengine huondoka wakicheka.

Mtambo wa Haizhou

Katika kusoma kwangu kwa wiki hizi nilikutana na Shen Kuo, mwanazuoni wa China wa karne ya 11, aliyezaliwa 1031 na kufariki 1095. Aliandika kwamba huko Haizhou watu walichimba ardhi wakapata mtambo wa krosibo ya kale. Kipande chake cha kulengea kilikuwa kirefu kuliko kawaida, na pembeni mwake mlikuwa na alama kama za rula. Shen Kuo akaelewa: unaweka jicho kwenye alama, unaitazama ncha ya mshale, na alama unayoichagua ndiyo inayoamua mshale uelekee juu kiasi gani. Akasema hiyo ni hesabu ya pembetatu mraba.

Tayari kilikuwa kitu cha kale kwake, na alikuwa akiandika zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Nilipenda jambo moja katika habari hiyo. Zile alama zilikuwa kwenye kipande chenyewe. Haziinuki wala hazishuki. Kinachohama ni jicho. Mtambo wa namna hiyo hauna skrubu ya kucheza. Una makosa yake, bila shaka, lakini si hili langu.

Na hata leo, katika mashindano ya uwanjani ya shirikisho la kimataifa la krosibo, IAU, lililoanzishwa 1956, mpigaji hupita mita 65, kisha 50, kisha 35. Mbali kwanza, karibu baadaye. Maana yake kila mmoja wao hushusha kilengeo chake katikati ya shindano. Niliposoma mpangilio huo nilicheka peke yangu. Mimi niliyefanya mazoezi miaka yote kwa kupanda tu, ningeingia hapo nikiwa na kiti changu kilivyokuwa, ningeanguka kwenye hamsini nikilaumu upepo.

Ninavyozungusha sasa

Utepe wa zamani umerudi kwenye gurudumu. Hesabu yangu ya kutoka 80 hadi 100, ile niliyoitupa kwa ajili ya mshale mmoja, ilikuwa na kasoro ya chini ya mita moja.

Kila namba naifikia kutoka chini. Nikitoka 100 kwenda 60, nashuka mpaka 50, nagonga kiti kwa ukucha, kisha napanda hadi 60. Nimeweka springi ndogo inayouvuta mguu wa nyuma uikalie skrubu wakati wote. Kwenye jiliwa ile mistari mitatu imebaki chini ya nusu mstari. Springi peke yake ingetosha, nadhani. Lakini naendelea kugonga. Mkono umeshazoea.

Kikazio cha pembeni, kile cha kukifunga kiti kisisogee, nacho kina hila yake: ukikikaza kwa nguvu kinasukuma kiti kiasi cha kuonekana kwenye karatasi. Kwa hiyo nakikaza kwa vidole viwili, kiasi kilekile, na alama za utepe zimepigwa kikiwa kimekazwa hivyo.

Umbali napima mara mbili. Kule mwisho mshale unashuka kwa pembe kali hivi kwamba mita moja ya kukosea kwenye kipimo ni kama sentimita sita ubaoni. Mtu aliyejisumbua na sehemu za kumi za milimita halafu akakadiria umbali kwa macho, huyo sina la kumwambia.

Jumamosi mbili zilizopita nilirudi kwenye mita 100. Nilipanda kutoka 20, polepole, nikasimama kwenye 100. Mishale sita. Miwili njano, mitatu nyekundu, mmoja buluu, upande wa kushoto, na huo nauelewa: nilivuta kifyatulio kama mtu anayefunga mlango. Yote sita kwa urefu ilitofautiana sentimita 20 hivi. Sikuwahi kupata kundi bora pale, na hakuna aliyejipiga kofi la paja, kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa katikati kama ule wa kwanza.

Mwenzangu nilimweleza yote. Jiliwa, mistari mitatu, ukucha. Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima, kisha akasema, "Sasa si ungenyamaza tu?"

Juzi nilimsikia nyuma yangu akimsimulia mgeni wa uwanja habari za ule mshale. Alieleza vizuri, kwa mikono, na kofi la paja akalirudia. Umbali ulikuwa umefika mita 120.

Nilikuwa nimeinama, nazungusha gurudumu kutoka chini. Sikugeuka.